Dripu ya lita moja, matone 42 kwa dakika, imeisha kabla ya saa 6 kupita. Nimekosea wapi?

#1 SistaZamuUsiku
Habari za humu wadau. Naombeni msaada, hesabu hii nimeirudia mpaka simu imeishiwa chaji.

Juzi usiku mgonjwa aliandikiwa dripu ya chumvi, ml 1000 kwa saa 8. Nikafanya 1000 × 20 ÷ 480 = 41.67, nikaweka matone 42 kwa dakika. Nilifungua saa mbili kamili usiku, nikasimama pale na saa ya mkononi nikahesabu tone kwa tone, safi kabisa. Ilitakiwa iishe saa kumi alfajiri. Saa nane kasorobo napita kitanda cha 6, chupa tupu, damu imeshaanza kupanda kwenye mrija.

Mgonjwa ni mtu mzima, moyo na figo hazina tatizo, na hakudhurika. Nilimpima, nikamjulisha daktari, nikaandika kwenye chati. Lakini angekuwa mtoto, au mzee mwenye moyo uliochoka? Hesabu imenitoka wapi?

#2 Kikokotoo
Haijakutoka. Lita moja kwa saa 8 ni ml 125 kwa saa, na kwa seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa ml unapata 42. Ningekupa tiki. Nina swali moja tu: hiyo 20 umeitoa wapi?

#3 NusuAmpuli
Ameitoa tulikoitoa wote, daftari la mwaka wa kwanza 😂

#4 MzeeWaWodi
Kikokotoo kagusa penyewe. Seti za dripu si moja. Kuna zinazotoa matone 10 kwa ml, kuna 15, kuna 20, na zile za watoto zenye kisindano kidogo juu ya kichupa cha matone hutoa 60. Namba imechapwa kwenye pakiti yake. Sasa chukua seti ya 15, uihesabie matone 42: 42 ÷ 15 ni ml 2.8 kwa dakika, sawa na ml 168 kwa saa. Lita inaisha saa 5 na dakika 57. Kesi imefungwa, tukalale.

#5 SistaZamuUsiku
Ahsante mzee wangu. Shida ni kwamba pakiti ilishaingia kwenye ndoo ya taka, na kwa kutazama tu ile seti siwezi kuapa. Stoo yetu inapokea za aina mbalimbali. Nyingi ni 20, ndiyo maana sikugeuza pakiti kusoma.

Halafu dakika 57 zile hazinikai. Mimi nilikuta imeshaisha saa nane kasorobo, yaani saa 5 na dakika 45. Bado kuna dakika 12 na ushee hazina mwenyewe.

#6 MwakaWaPili
Samahani wakubwa, sisi darasani tunaambiwa ml kwa saa gawa kwa 3 basi. 125 ÷ 3 = 41.67. Kwa nini 3?

#7 MamaKanula
Mwanangu, hiyo 3 ni 60 ÷ 20, dakika za saa moja zikigawanywa kwa matone ya seti. Seti ikiwa ya 15 unagawa kwa 4, ya 10 kwa 6, na ya 60 hugawi kabisa: ml 45 kwa saa ni matone 45 kwa dakika. Njia ya mkato nzuri, ila ukiikariri bila kujua ilikozaliwa siku ukipewa seti nyingine utagawa kwa 3 vilevile huku unatabasamu. Nimemwona mtu akitumia 3 kwenye seti ya watoto. Mtoto alipata theluthi moja ya maji yake kuanzia asubuhi hadi mchana, na kila aliyepita alisema dripu "inatiririka vizuri".

#8 FundiMirija
Mimi si nesi, natengeneza vifaa vya hospitali. Nadhani mnamwonea pakiti. Dripu ya kuning'iniza inasukumwa na kimo tu. Kitanda kikishushwa au stendi ikipandishwa, inakwenda mbio. Mgonjwa akikunja mkono inasinzia, akiunyoosha inaamka. Na kile kigurudumu cha kubana mrija: plastiki laini ikibanwa pale pale kwa muda hujilegeza au hujibonyeza, kasi inabadilika bila mtu kugusa. Dada alihesabu saa mbili usiku. Alihesabu tena saa ngapi?

#9 SistaZamuUsiku
Saa tatu. Yalikuwa 42 au 43. Saa nne tukapokea dharura mbili, sikurudi tena. Najua, najua.

#10 BintiMfamasia
Naongeza kitu na kumsahihisha Mzee kidogo. Hata hiyo 20 ya kwenye pakiti si amri ya mbinguni. Kipimo cha kimataifa cha seti hizi kinasema matone 20 ya maji yaliyosafishwa yatoe ml 1, ikizidi au ikipungua kwa 0.1. Hiyo ni asilimia 10 kabla hujagusa chochote, tena ni maji matupu. Ukiweka sukari nzito au damu, tone linabadilika ukubwa.

#11 Kikokotoo
Tupige basi. Tone likiwa kubwa kwa asilimia 10, lita inaisha saa 7 na dakika 16. Tuseme pia alihesabu sekunde 15 akazidisha kwa 4: kosa la tone moja pale ni matone 4 kwa dakika, karibu asilimia 10 nyingine. Ukizibebesha zote mbili kwa pamoja unapata kama saa 6 na dakika 38. Bado hatujafika 5:45. Kwa hiyo ya Binti ni kweli lakini peke yake haitoshi.

#12 SistaZamuUsiku
Nilihesabu dakika nzima. Usinitie dhambi nisizozitenda 😅

#13 NusuAmpuli
Mnahangaika na fizikia wakati mhalifu anajulikana. Ndugu wa mgonjwa! Zamu yangu moja ya mchana dripu ilikuwa inaisha nusu ya muda kila siku, mgonjwa yule yule. Nikajificha nyuma ya pazia. Shemeji yake kaja, kaangalia kulia, kaangalia kushoto, kasukuma kigurudumu juu kwa kidole gumba kama mtu anayewasha redio. Namuuliza, ananijibu: "Daktari alisema akimaliza hii anaruhusiwa."

#14 MzeeWaWodi
😂😂 Huyo shemeji nilishakutana naye, kumbe anazunguka wodi zote.

#15 MsomaChati
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sista, naomba unikumbushe: ulipoitwa kwenye dharura ulimwachia mwenzako kitanda cha 6? Na ulimwambiaje, neno kwa neno?

#16 SistaZamuUsiku
Ndiyo, nilimwachia mwenzangu. Nadhani nilimwambia "ya kitanda cha 6 iishe saa nane".

#17 MsomaChati
Haya. Wewe ulimaanisha iishe kwa muda wa saa nane. Yeye, saa nne usiku, amesikia iishe *ifikapo* saa nane. Na imeisha saa ngapi? Saa nane kasorobo.

#18 MamaKanula
Weeee.

#19 SistaZamuUsiku
Mungu wangu. Mwili umenisisimka.

#20 Kikokotoo
Tuipe nafasi yake kwa haki. Kuanzia saa mbili hadi saa nne zilishapita ml 250. Zimebaki 750. Mtu anayetaka ziishe saa nane ana saa 4, yaani ml 187.5 kwa saa, matone 62 au 63. Inaingia kabisa, na hata ile robo saa kabla ya saa nane inapata mwenyewe: kama aliweka 67 hivi, saa nane kasorobo chupa iko tupu. Sasa tuna maelezo manne na hakuna hata moja lililokanushwa.

#21 FundiMirija
Mtu kuhesabu 63 hadi 67 kwa macho? Hapo huhesabu, unakisia.

#22 MzeeWaWodi
Sisi zamani tulikuwa tunabandika utepe wa karatasi kwa urefu wa chupa. Unaandika juu saa ya kuanza, kisha alama ya ml 125 kila saa: saa tatu, saa nne, saa tano. Aliyepita hata akiwa mfagizi anaona maji yako alama gani na saa iko ngapi. Na mdomoni useme "ml 125 kwa saa", neno "iishe" lisitoke.

#23 MkungaMwandamizi
Nawaacha na matone yenu, niseme la asilimia, maana kule kwetu ndiko kunakoua. Magnesiamu salfeti ya 50%, dawa ya kifafa cha mimba: ni gramu 50 ndani ya ml 100, kwa hiyo ampuli ya ml 10 ni gramu 5. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4. Unavuta ml 8, unaongeza maji ml 12, zinakuwa ml 20 za 20%, unasukuma taratibu, dakika 5 hadi 20. Sasa kuna kijana mmoja, mwerevu sana wa hesabu, kwenye chati alisoma "ml 20" akavuta ml 20 za dawa yenyewe kutoka ampuli mbili. Hizo ni gramu 10 kwenye mshipa. Nilimkuta sindano iko mkononi. Hakukosea kuzidisha wala kugawa, alikuwa hajauliza ni ml 20 za nini.

Tangu siku hiyo kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizimua ikizidi, inakaa kwenye trei ile ile, na hakuna dozi inayofuata kabla sijagonga goti, sijahesabu pumzi (zisipungue 16) na sijaangalia mfuko wa mkojo.

#24 MwakaWaPili
Adrenalini pia inanichanganya. 1:10,000 ndiyo mg 1 kwa ml, sivyo?

#25 BintiMfamasia
Sivyo kabisa, na uliiandika kwa ujasiri! 1:1,000 ni gramu 1 ndani ya ml 1,000, yaani mg 1 kwa ml. 1:10,000 ni mg 0.1 kwa ml. Namba kubwa, dawa nyepesi. Usione aibu, Marekani waliamua kuanzia 2016 uwiano huo uondolewe kwenye lebo ya adrenalini inayokaa peke yake, iandikwe mg kwa ml, kwa sababu watu wazima wenye vyeti walikuwa wanakosea kama wewe.

#26 DaktariMsaidizi
Na atesuneti, sindano ya malaria kali, je? Mimi natumia mg 2.4 kwa kilo kwa kila mtu. Mtoto wa kilo 12 ni mg 28.8.

#27 BintiMfamasia
Hiyo ya kila mtu ilipita, mkuu. Mwongozo wa WHO tangu 2015: chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo. Mtoto wako anastahili mg 36. Halafu swali linalofuata ni unampa wapi. Vaili ya mg 60 unaiyeyusha kwa ml 1 ya bikaboneti. Ukiongeza ml 5 kwa ajili ya mshipa, inakuwa mg 10 kwa ml, anapata ml 3.6. Ukiongeza ml 2 kwa ajili ya msuli, inakuwa mg 20 kwa ml, anapata ml 1.8. Ukichanganya ya msuli ukasoma ml za mshipa, umempa mara mbili.

#28 DaktariMsaidizi
Nimepokea, shukrani. Kwa hiyo 3.6 naiacha 3.6 au 4?

#29 BintiMfamasia
Kwa atesuneti maelekezo ya kuandaa yanapandisha hadi ml nzima inayofuata, kwa hiyo 4, na ya msuli 2. Usiibebe tabia hiyo ukaenda nayo kwenye jentamaisini au insulini. Kila dawa ina ruhusa yake.

#30 MzeeWaWodi
Na unga wa vaili wenyewe unachukua nafasi, msisahau. Penisilini ya mg 600: ukitaka ml 2 kamili unaweka maji ml 1.6. Ukiweka ml 2 unapata 2.4, na ile ml 1 uliyodhani ina mg 300 ina 250. Mtu mzima hatajua. Kichanga umemnyang'anya sehemu moja ya sita.

#31 MlinziWaMahututi
Nimechelewa kufika. Nyote mnabishana fomula, mimi naona tatizo ni kuandika namba bila kipimo chake. Dopamini, dawa ya kupandisha presha, mgonjwa wa kilo 60, mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika. 5 × 60 ni mikrogramu 300 kwa *dakika*. Mara 60, ni 18,000 kwa saa. Gawa kwa 1,000, ni mg 18 kwa saa. Chupa ina mg 200 ndani ya ml 500, yaani mg 0.4 kwa ml. 18 ÷ 0.4 = ml 45 kwa saa. Kila hatua ina jina. Mwanafunzi anayeandika namba tupu atasahau ama ile 60 ya dakika ama ile 1,000, na karatasi haitamwambia.

Ila kwetu tuna pampu, kwa hiyo mambo ya kuhesabu matone tulishasahau.

#32 NusuAmpuli
Haya, matajiri wamefika.

#33 MsomaChati
Pampu hutii unachoandika, basi. Edmonton, Kanada, 2006: mgonjwa wa saratani alipewa fluorourasili kwa pampu. Dawa ilikuwa ya siku 4. Kasi sahihi ilikuwa ml 1.2 kwa saa. Pampu ikawekwa 28.8. Dawa ya siku nne ikaingia kwa saa nne, na mgonjwa akafariki. 28.8 ilikuwa ni ml za saa 24, mtu hakugawa kwa 24.

#34 Kikokotoo
28.8 tena! Ile ya Daktari juu kule pia ilikuwa 28.8. Namba hii ina nuksi.

#35 MamaKanula
Na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki?

#36 MsomaChati
Alikuwepo. Akahesabu upya, akapata 28.8 ile ile. Lebo ya dawa ilikuwa na namba zote mbili, ya saa 24 na ya saa moja. Ukipata jibu linalofanana na namba iliyo mbele ya macho yako unapumua, unasaini.

#37 MkungaMwandamizi
Ndiyo maana mimi nikihakiki sitaki kuonyeshwa jibu. Nipe chati, nipe ampuli, geuka ukutani. Nikimaliza tulinganishe.

#38 MlinziWaMahututi
Saa nane ya usiku, wagonjwa 30, manesi wawili, nani atageuka ukutani? Mnazungumza kama wodi ina watu. Hapo ndipo kosa la Sista lilipo, idadi ya watu.

#39 MzeeWaWodi
Usitafutie pakiti kisingizio. Kugeuza pakiti na kusoma ni sekunde mbili.

#40 MlinziWaMahututi
Sekunde mbili mara vitu mia, mzee.

#41 FundiMirija
Bado nasema kigurudumu.

#42 SistaZamuUsiku
Mrejesho, wadau. Leo nimeingia stoo kabla ya zamu. Kwenye boksi moja nimekuta pakiti za 20 na za 15 zimelala pamoja kama mapacha, rangi zinakaribiana. Mzee, nusu ya heshima ni yako. Nimeomba zitenganishwe.

Halafu nimemuuliza mwenzangu kwa upole, bila kumtaja mtu yeyote wala uzi huu. Mara ya kwanza akasema hakuigusa. Tumekunywa chai, tumekabidhiana zamu, yuko mlangoni anaondoka, akageuka akasema, "Ile ya kitanda cha 6? Niliisogeza kidogo tu."

#43 NusuAmpuli
Kidogo ni matone mangapi?

#44 Kikokotoo
Na kwa seti ipi?